Makofi ya Kasiani

Nimefanya kazi ya ufundi mitambo redioni miaka ishirini na tatu, na hakuna neno linaloniudhi kama mtu kuniambia kwamba sauti fulani "imesafishwa". Imesafishwa na nini? Sauti si sufuria. Siku hizi ukifungua redio hapa Kigoma watangazaji wote wanasikika wamebanwa ndani ya debe moja, wimbo wa zamani ukipigwa hujui kama hilo ni gitaa au ni nyuki, halafu mtu mzima anakuambia mitambo ni ya kisasa. Nilistaafu mwaka juzi nikaapa kwamba hayo hayanihusu tena. Kiapo kilidumu mpaka Jumatatu moja asubuhi, Verediana alipobisha hodi kwangu Buzebazeba na mimi hata chai sijanywa.

Verediana ni mtu wa Simbo, anauza mawese soko la Mwanga. Ana miaka hamsini na kitu, na sijawahi kumwona amekaa mikono mitupu. Siku hiyo alikaa hivyo.

"Dada Dainess," aliniambia, "kaka Kasiani ananitoa shambani."

Shamba lenyewe nalijua, na jinsi alivyolipata najua, kwa sababu nilikuwepo. Ilikuwa mwaka tisini na tisa, kituo chetu ndiyo kwanza kimeanza, na tulikuwa na kipindi cha mila na desturi. Nikatumwa Simbo na rikoda yangu nzito begani nimrekodi Mzee Meshack, baba yake Verediana, akigawa mali yake angali hai. Verediana alikuwa amerudi nyumbani na watoto watatu baada ya kufiwa na mume. Baba yake akampa shamba la michikichi, mbele ya watoto wake wa kiume.

Sasa katika ukoo ule, mzee akitoa kitu, anawaita warithi wengine mmoja mmoja kwa jina. Anayekubali hasemi ndiyo. Anapiga makofi matatu, na hapo neno limekwisha. Asiyepiga amekataa, na mzee hatoi tena. Mzee Meshack akamwita Nehemia, akapiga. Akamwita Bonaventura, akapiga. Akamwita Kasiani, mkubwa wao, naye akapiga. Mimi nilikuwa nimekaa chini, hedifoni masikioni, kipaza sauti nimekishika mkononi karibu na magoti yao.

Mzee alifariki, Nehemia akafuata, na Bonaventura tulimzika mwaka jana. Wote walioshuhudia chumbani mle wamekwisha, kasoro Kasiani, Verediana mwenyewe na mimi. Miaka ishirini na tano Verediana amevuna michikichi ile, amesomesha watoto kwa mawese yake. Sasa michikichi ina bei, na Kasiani anasema yeye hakupiga makofi.

"Amesema mbele ya ukoo," Verediana alinieleza, "leteni ule mkanda wa redio. Makofi yangu yakisikika, sikanyagi tena shambani. Yasiposikika, Verediana atoke. Na mimi nikakubali, dada. Tunakutana Jumamosi."

Nilicheka kwa kufurahi. Nikamwambia aende sokoni kwake akauze mawese, mkanda upo, makofi yapo, kaka yake amejifunga kamba mwenyewe. Nilivaa viatu nikaenda kituoni.

Fundi aliyechukua nafasi yangu anaitwa Bariki, katokea Morogoro, ana adabu nyingi na hedifoni kubwa shingoni muda wote. Aliniamkia, akanipa kiti, akatafuta kwenye kompyuta, na kabla sijamaliza kukaa kipindi kilikuwa kinaanza. Hilo nilimsifu.

Kisha nikamsikia Mzee Meshack. Yule mzee alikuwa na kikohozi, na sauti yake ilikuwa inakwaruza, lakini huyu niliyemsikia alikuwa laini kuanzia mwanzo hadi mwisho, hana pumzi, hana koo, anaongea kutoka ndani ya ndoo. Akasema Nehemia. Akasema Bonaventura. Akasema Kasiani. Akaendelea na habari za mbuzi.

"Makofi yako wapi?" nikamuuliza.

"Makofi gani, mama?"

Nikamwambia. Akakuna kichwa, akanieleza taratibu kama anavyoelezwa mgonjwa. Walinunua programu ya kusafisha maktaba yote ya zamani. Programu yenyewe inatambua sauti ya mtu anayeongea, hiyo inaiacha, mengine yote inaondoa: feni, upepo, mbuzi, viti, makofi.

"Na faili la kabla ya kusafisha?"

"Tulifuta, mama. Nafasi ilikuwa imejaa."

"Na mikanda yenyewe? Ile mikubwa ya rili?"

"Niliambiwa ilishika ukungu, ikatupwa. Kabla sijaajiriwa."

Ilitupwa, ndiyo. Nilikuwepo ilipohamishiwa kwenye kompyuta mwaka elfu mbili na kumi na mbili, na hata siku hiyo niligomba, kwa sababu ili zitoshe walizibana sauti mpaka matoazi ya kwaya yakawa yanasikika kama mchele unamwagwa kwenye ungo. Nikaambiwa msikilizaji hasikii tofauti. Hiyo ndiyo kauli yao siku zote. Kila wakileta mtambo mpya, kuna kitu kinaachwa nyuma, na kila mara wanasema msikilizaji hasikii tofauti.

Hasira zilinipanda, sitaficha. Nilimgombeza Bariki mbele ya watangazaji na mbele ya wageni waliokuja kutangaza mkutano wa injili. Nikamwambia yeye si fundi, yeye ni mtu wa kufuta, na kwamba kuna mama Simbo atalala nje kwa sababu ya kidole chake. Nikaingia kwa meneja nikayasema yaleyale kwa sauti kubwa zaidi. Bariki alikuwa anasema "Samahani, mama," tu, na kila akisema hivyo nilizidi kuchemka.

Verediana nilimpata sokoni, nikamweleza.

"Kwa hiyo Jumamosi nitasema nini?" aliuliza.

Nikarudi nyumbani nikakaa siku mbili nawaza, ndipo nikamkumbuka Feliksi wa Ujiji.

Feliksi alikuwa karani wa meli bandarini. Enzi zetu alikuwa msikilizaji msumbufu kuliko wote. Alikuwa anarekodi vipindi vyetu kwenye kaseti kutoka redioni kwake, halafu anatuandikia barua kulalamika: leo mtangazaji alikuwa mbali na kipaza sauti, jana wimbo uliyumba. Barua zake nilikuwa naziwekea kikombe cha chai juu. Alhamisi nikapanda gari mpaka Ujiji, nikamwamkia kwa unyenyekevu ambao sikuwahi kuwa nao.

"Nilikuandikia barua kumi na moja, fundi," alisema kabla sijakaa. "Hukujibu hata moja."

"Nisamehe, Mzee."

"Keti."

Kaseti zake zilikuwa kwenye sanduku la bati, kila moja na tarehe yake kwa wino. Ya kipindi cha Simbo tuliipata ndani ya dakika kumi. Tatizo likawa redio kaseti yenyewe, mkanda wa mpira wa ndani ulikuwa umelegea, sauti inavutika kama mtu anayesinzia. Nikakata pete nyembamba kwenye mpira wa baiskeli, nikaivalisha, nikafuta hedi, kile kichwa kinachosoma mkanda, kwa spiriti. Feliksi alinisimamia muda wote akinielekeza kazi ninayoijua.

Ikaimba. Jamani, ule mchakacho wa kaseti, shiii, kama mafuta yanapata moto, na chini yake redio ya ng'ambo ya ziwa inachungulia na rumba lake, na juu ya hayo yote Mzee Meshack, na kikohozi chake, na koo lake lenye kokoto. Nilitaka kulia kwa furaha. Nyuma yake kulikuwa na mtu anatwanga kwenye kinu uani, pu, pu, pu, ambaye nilikuwa nimemsahau kabisa. Huyo naye programu ya Bariki ilikuwa imemfuta. Nikafungua mdomo nimtukane Bariki upya.

Mzee Meshack akasema, "Nehemia." Kinu kikapiga pu, pu, halafu pu moja ikaja mapema mno, ikaigonga mgongoni ile iliyotangulia. Na mara hiyohiyo, "Bonaventura."

Makofi hayakuwemo.

Nikarudisha. Pu, pu, pupu. Mkono wangu ulielewa kabla ya kichwa. Hakuna mtu anayetwanga hivyo. Hapo palikatwa, na aliyekata ni mimi.

Yote yakanirudia. Yale makofi yalikuwa karibu mno na kipaza sauti, kila yakipigwa mshale wa mtambo unaruka mpaka kwenye nyekundu, na meneja wa wakati huo akasema yatapasua spika za watu. Nikachukua wembe, nikakata mara tatu, nikaunga kwa utepe wa gundi, vile vipande nikatupa. Nilijivunia hata, maana maungio yangu hakuna aliyekuwa anayasikia. Nimekata maelfu ya mikanda maishani. Nilichokikumbuka ni chumba cha Simbo na makofi yenyewe, wembe nikausahau.

"Hapo ndipo niliposema kwenye barua ya nne," Feliksi alisema, ameinama sikio kwenye spika. "Nilikuandikia kwamba kipindi cha Simbo kiliruka mara tatu."

Jumatatu nilikuwa nimemvua nguo kijana wa watu mbele ya mji, kumbe wa kwanza kufuta ni mimi. Yeye alifuta kinu, mimi nilifuta makofi, na kila mmoja alidhani anamsaidia msikilizaji. Njiani kurudi nilijiuliza kama nikinyamaza nani atajua. Feliksi angejua. Na mimi ningejua, ndilo baya zaidi.

Ijumaa nilimpigia simu Bariki nikamwomba radhi. Akasema, "Usijali, mama." Nikamwambia aache kusema usijali, kile kinu alikifuta yeye. Kisha nikaenda Mwanga.

Verediana alikuwa anamimina mawese kwenye chupa kwa mrija wa bati. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuinua kichwa.

"Ulikata wewe," alisema.

"Mimi."

"Na wiki nzima unamtukana yule mtoto wa redioni."

"Ndiyo."

Akafunga chupa, akaifuta, akaipanga na wenzake. "Basi kesho uje uyaseme mwenyewe," akasema. Akaniacha hapo akamhudumia mteja.

Jumamosi mchana nilifika Simbo na redio kaseti ya Feliksi kwapani na betri mpya. Ukoo ulikuwa umekaa uani kwa Mzee Elikana, baba yao mdogo, ambaye ndiye aliyekuwa anaamua. Tukasalimiana kwa Kiha, kwa kirefu, kama inavyotakiwa. Kasiani alikuwa mbele, mzee wa sabini na ushee, mwembamba, mikono ameikunja kifuani. Alinitazama kama mtu anayejua tayari nimebeba nini.

Nikawasha. Wakasikiliza. Majina matatu yakapita, makofi hayakusikika.

"Mmesikia," Kasiani alisema. "Mimi redio niliisikiliza siku ileile kipindi kilipotangazwa. Makofi hayakuwemo. Redio haina shangazi wala mjomba, haina wa kumpendelea."

Ndipo nikaelewa kwa nini alithubutu kuitaka. Alijua miaka yote kwamba mkanda uko upande wake.

Nikasimama. Nikawaambia mimi ndiye niliyerekodi, mimi ndiye niliyekata, na nikawaeleza kwa nini. Watu wakatazamana. Mmoja nyuma akacheka. "Kwa hiyo fundi amekuja na mkanda usio na makofi," alisema, "atuambie makofi yapo."

"Sikilizeni kinu," nikawaambia. "Msimsikilize mzee. Sikilizeni anayetwanga."

Nikarudisha, nikapandisha sauti mpaka spika ikaanza kukwaruza. Pu, pu, pupu baada ya Nehemia. Pu, pu, pupu baada ya Bonaventura. Pu, pu, pupu baada ya Kasiani. Mzee Elikana alitega sikio, akasema anasikia kitu. Mwingine akasema kaseti ni kuukuu, zote huruka. Mwingine akasema mimi na Verediana ni marafiki, tunajuana sokoni. Verediana alikuwa ameketi kwenye mkeka kando, anatazama miguu yake. Hasira zilinipanda tena, na safari hii sikujua nimkasirikie nani. Nilishika kipaza sauti kwa mkono huu, nimesikia kwa masikio haya, na watu wanaamini kisanduku ambacho mimi mwenyewe nilikilisha uongo.

"Rudisha," Kasiani akasema.

Nikarudisha.

"Rudisha tena. Anzia mbali kidogo."

Nikaanzia mbali kidogo. Alikuwa ameachia mikono yake, iko magotini. Alisogeza kigoda mpaka karibu na spika, akainamisha kichwa.

"Huyo ni Agnesi," alisema.

Agnesi alikuwa mke wake. Alifariki miaka kumi na tano iliyopita, niliambiwa baadaye, na hakuna picha yake hata moja nyumbani kwake isipokuwa ya kitambulisho.

"Alikuwa anatwanga chikichi za kwetu, na mtoto mgongoni," Kasiani alisema. Alikuwa anaongea na spika. "Alikuwa na pigo moja zito na moja jepesi, mchi alikuwa anaupokeza mikono. Msikilizeni."

Tukasikiliza. Ni kweli, moja lilikuwa zito na moja jepesi, na mimi fundi sikulitambua hilo. Mzee Meshack akasema Nehemia, akasema Bonaventura, akasema Kasiani. Kinu kikaendelea.

Kasiani akatikisa kichwa. Uso wake ulikuwa umekunjamana, alikuwa amekasirika kuliko mimi.

"Siyo hivyo," alisema. "Hapa alisimama."

"Wapi, Mzee?" nikauliza.

"Hapa, baada ya jina langu. Aliacha mchi ndani ya kinu akaja mlangoni kunitazama, alikuwa haamini kama nitapiga. Nilipopiga akacheka, ndiyo akarudi kutwanga. Hapa kwenye mkanda wenu hajasimama mahali popote. Mmemfanya atwange tu."

Uani hapakuwa na aliyejibu. Kasiani alikuwa bado ameikodolea macho spika, akingoja, na nadhani ni ule ukimya uliomfanya ayasikie maneno yake mwenyewe. Akainua kichwa taratibu.

"Kasiani," Mzee Elikana alisema, "umesema ulipiga?"

Angeweza kugeuza. Watu wamegeuza makubwa kuliko hayo. Alitazama kaseti, kisha akamtazama dada yake kwa mara ya kwanza tangu nifike.

"Nilipiga," alisema.

Verediana alijifunika uso kwa khanga, mabega yakawa yanatikisika. Mzee Elikana alisema shamba ni la Verediana kama lilivyokuwa, na asisikie tena neno hilo likirudi uani kwake. Watu wakaanza kuinuka, wanawake wakaenda kumshika Verediana. Mimi nikainama kutoa kaseti.

Kasiani hakuwa ameondoka. Alikuwa amesimama juu yangu, kivuli chake kiko kwenye redio.

"Kile kipande ulichokata," alisema, sauti yake ya chini, hakutaka wengine wasikie. "Ndicho chenye yeye kusimama, na kucheka."

"Ndiyo, Mzee. Ndicho."

"Ulikiweka wapi?"

"Nilikitupa, Mzee. Kwenye ndoo ya taka pale studio, siku ileile."

Alibaki amesimama, akingoja niongeze neno.